Mguu wa Mama Mkwe

Sheria ilisema abiria wa pikipiki akae ametanua miguu, bila kitu kati yake na dereva. Sikuwa na ugomvi nayo mpaka mwaka 1987, askari waliponisimamisha njia ya Bungoma nikiwa nimembeba Mama Nakhungu, mama wa mke wangu.

Mama alikuwa akitibiwa mguu hospitalini kila Alhamisi, na kutoka kwetu karibu na Chwele hakuweza kutembea hadi stendi. Kwetu mtu hamgusi mama mkwe, hata mkono hampi. Kwa hiyo alikaa upande, kikapu kikubwa kati yetu, akashika kikapu. Tulisafiri hivyo miezi minne bila kuanguka.

"Mama, tanua miguu, mshike dereva kiunoni," askari alisema.

"Wewe ungeshikwa kiuno na mama ya bibi yako?"

"Sheria ni sheria, mama."

Mama akashuka. Alhamisi iliyofuata hakwenda, na mguu ukavimba.

Nilimwandikia mbunge wetu, Mheshimiwa Mukhisa, barua tatu kuomba sheria ibadilishwe. Katika kila barua nilichora kiti chenye ubao wa kutenganisha, inchi kumi kwenda juu. Nilijibiwa mara moja tu: kalenda yenye picha yake.

Mama aliitazama ile picha kwa muda.

"Rispah," alimwambia mke wangu, "huyu si ndiye alioa Wilkista, binti ya dada yangu?"

"Ndiye."

"Basi ni mkwe wangu pia. Mwambie bwana yako aache kuandika."

Jumamosi Mheshimiwa alihutubia kwenye ukumbi wa kanisa, ambao ulikuwa na mlango mmoja. Alipomaliza, alimkuta Mama ameketi mlangoni kwenye kigoda, mguu mbovu ameunyoosha mpaka upande wa pili wa fremu. Wengine waliuruka. Lakini mguu wa mama mkwe haurukwi na mkwe.

"Chifu Wepukhulu," Mama alimwambia chifu wetu aliyesimama kando, maana mama mkwe na mkwe hawasemeshani ana kwa ana, "mwambie mkwe wangu sheria yake imenivimbisha mguu."

"Mheshimiwa, anasema..."

"Nimesikia, bana." Mheshimiwa alikuwa akitazama dari. "Mwambie sheria inabadilishwa na Bunge lote. Itachukua muda."

"Mwambie mimi sina haraka. Nimebeba viazi."

Akatoa kiazi kitamu kikapuni, akaanza kukimenya. Mheshimiwa akaangalia dirisha. Lilikuwa na vyuma.

"Mwambie nitapeleka hoja Nairobi."

"Na Alhamisi?"

Kiazi cha pili kilikuwa kimeshatoka kikapuni.

"Gari yangu itampeleka," Mheshimiwa alisema. "Kila Alhamisi, mpaka Bunge liamue."

Mama akauvuta mguu.

Alhamisi gari lilifika, Mheshimiwa mwenyewe akiwa ndani, kwani alikuwa na mkutano Bungoma. Mama alipoingia nyuma, yeye alitoka kwa mlango wa pili kama aliyekalia siafu. Gari likaondoka. Tukabaki yeye, mimi na pikipiki.

Alikaa upande ili suti isikunjamane, mkoba wake kati yetu. Njiani tulimkuta askari yule yule.

"Mheshimiwa," alisema huku akipiga saluti, "tanua miguu, mshike dereva kiunoni."

Alinishika. Tulikwenda maili nane tukipungiwa mikono na kila aliyetoka sokoni.

Tulipofika mjini alishuka, akapangusa suruali, akasogea karibu.

"Jairus, ule mchoro wako wa ubao, bado unao?"

Nilikuwa nao mfukoni, nakala nne.