Macho ya Mtakatifu Petka

Jumatatu asubuhi Radostin alivunja yai, akakihamisha kiini kutoka kiganja hiki hadi kile mpaka ute wote ukachuruzika, akakitoboa, akakichanganya na siki na rangi ya unga. Kisha akapanda ngazi kumchorea Mtakatifu Petka macho mengine kwenye ukuta wa kanisa. Yale ya Ijumaa yalikuwa yameliwa.

Pale kijijini Gorna Krusha halikuwa jambo la kuzungumzia. Tangu zamani, bibi wa kijiji akiumwa macho hukwangua macho ya mtakatifu ukutani kwa kijiko, akanywa ule unga kwa maji. Macho ya wachoraji wengine yalisaidia siku ambayo ungepona mwenyewe. Ya Radostin yalikuwa dawa kwelikweli. Bibi Dafina, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwamkia mbuzi wa jirani akidhani ni jirani, alikunywa jicho la kushoto. Haikupita wiki akawa anatunga uzi kwenye sindano huku akigombana na mtu.

"Ila mwanangu, la safari hii lilinuka viza," alimwambia, amekaa kwenye benchi chini ya ngazi. "Hayo mayai ya dukani wachoree mashetani. Nitakuletea ya kuku wangu."

"Bibi, Jumapili askofu anakuja kubariki kanisa. Atamkuta mtakatifu kipofu."

"Kwani askofu hajawahi kuona kipofu?"

Radostin alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Macho yake mwenyewe yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia liliona ukungu mtupu, na la kushoto lilikuwa linafuata. Dawa yake alishaijaribu. Alimeza macho ya Petka, ya Nikola, hata ya farasi wa Mtakatifu Giorgi, akaambulia kuharisha. Mganga hajigangi. Tumaini lake lote lilikuwa gari la madaktari wa macho, ambalo meya aliahidi lingefika kijijini mwezi huo. Kazi nyingine hakuijua, na kusema kweli aliogopa.

Jumapili Petka alikuwa na macho. Kina bibi walikuwa wameahidi kuvumilia mpaka ibada iishe, na Radostin alilala kanisani ili wavumilie vizuri. Askofu alibariki, akaondoka. Meza zikatandikwa uani, banitsa, ule mkate wa jibini, ikakatwa, rakia, pombe kali ya matunda, ikamiminwa, na meya, Bwana Parushev, mtu mnene mwenye bashasha, akasimama na karatasi yake kuhutubia.

Hotuba ilimshinda. Bibi Dafina, aliyekuwa ameketi nyuma yake mbali kabisa, karibu na geti, alikuwa akiisoma kwa sauti sentensi moja mbele yake.

"Bibi, unaona mpaka huko bila miwani?" meya akauliza.

"Hapa sote tunaona," akajibu kwa maringo. Wenzake wakaanza kutamba: huyu akamsomea saa iliyo mkononi mwake, yule akamwambia kifungo chake cha tatu kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Meya akafurahi sana. "Basi lile gari la madaktari nitalipeleka kwingine. Hapa lije kufanya nini?"

Watu wakapiga makofi.

"Mimi sioni, bwana meya," Radostin akasema.

Meya akamtazama, akamtazama na Petka kupitia mlango uliokuwa wazi, akaangua kicheko. "Wasanii bwana! Mchoraji wa macho yale, eti haoni!" Meza nzima ikacheka, na Radostin akaongezewa rakia.

Jumatano Petka alikuwa kipofu tena. Radostin alikuwa anapapasa meza akitafuta brashi, Bibi Dafina amesimama mlangoni akiangalia barabara kuu, mbali kule bondeni.

"Gari linapita," akasema. "Jeupe. Limeandikwa 'Madaktari wa Macho.' Chini yake kuna namba ya simu."

Radostin akaacha kupapasa. "Linakata kona kuja huku?"

Bibi akalifuata kwa macho mpaka likapita njia panda. Alimwonea huruma, na haya pia ilimshika.

"Halikati, mwanangu. Dereva anatafuna mbegu za alizeti."

Akaja ndani, akamtia brashi mkononi, akashika ngazi kwa mikono miwili.

"Panda, nitakuelekeza. Juu. Juu tena. Hapo ni puani, mwanangu. Kushoto."