Mpendwa Mteja

Siku alipobonyeza neno Ruhusu, Pudensiana alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, anachambua mgagani. Simu ilikuwa juu ya paja. Jirani yake Agness alikuwa amemwambia kwamba siku hizi mtu akipotea anatafutwa mtandaoni, unaandika jina lake tu, basi akaandika jina la mwanawe kwa kidole chenye maji ya mboga: Ezra. Ukafunguka ukurasa ambao haukuwa na Ezra yeyote. Katikati palikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba tovuti hii inaomba kumletea arifa, na chini yake maneno mawili, Ruhusu na Zuia.

Katika boma lile, upande wa Nyarero, tangu enzi za mama mkwe wake, mtu akipiga hodi anaambiwa karibu kwanza, ndipo anaulizwa ametoka wapi. Kuzuia ni kwa mbuzi walioona mahindi. Pudensiana akabonyeza Ruhusu, akarudi kwenye mboga yake.

Kesho yake jioni, ng'ombe wakiwa ndio wanaingia zizini, alifika mgeni wa kwanza. Alikuwa mwanamume wa tai nyekundu, viatu vimejaa vumbi. Alisimama mlangoni akasema, hongera, umeshinda simu mpya. Pudensiana akampa kiti. Nyuma yake akaja daktari wa koti jeupe, akasema simu yako imeingiwa na virusi, isafishe sasa hivi. Kisha akaja msichana aliyevaa kidogo mno kwa baridi ya kule mlimani, akasema yuko karibu nawe na anajisikia mpweke. Pudensiana akamfunga kitenge, akamsogeza kwenye moto. Muuza dawa za nguvu za kiume alipotoa lake, alimjibu kwa upole kwamba mzee alishafariki, amechelewa.

Kila mmoja alikuwa na neno moja tu, hakuwa na jingine. Ukimuuliza ametoka wapi, anarudia lile lile. Na walikula. Hilo lisemwe wazi, maana wako wanaodhani kwamba wageni wa aina hii hawali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwa na simu. Upo msemo mwingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huo Pudensiana aliufuata kama ulivyo. Siku ya tatu akawagawia majembe. Waliyashika kwa upande wa chuma, wakasimama katikati ya migomba wakiipongeza kwa kushinda.

Majirani walipita, wakasalimia, wakaendelea na safari zao. Agness aliuliza tu kama wanalala hapo hapo au wanarudi makwao. Pudensiana alisema wanakaa mpaka uwapanguse mmoja mmoja pembeni ya kioo kwa kidole, na kesho wanakuja tena. Angeweza kuchukia, lakini alikuwa mtu wa kungoja. Nyumba inayomngoja mtu haiwezi kuchagua sana nani apige hodi.

Aliyekuwa akingojwa ni Ezra. Kijana huyo aliona tangazo kwenye simu yake mwaka uliopita, kazi ya kompyuta nje ya nchi, chakula na malazi bure. Akabonyeza Kubali, akavukia mpaka wa Sirari na begi moja. Nchi aliyokwenda ilikuwa na jina ambalo mama yake hakuweza kulishika. Aliandika mara moja kwamba amefika salama. Baada ya hapo, kimya. Pudensiana alizunguka ofisi hadi walinzi wa getini wakawa wanamuita shangazi, na kila ofisi ilimwambia asubiri.

Ezra alifika siku ya Jumapili, akiwa wa mwisho kwenye foleni ya wageni, nyuma ya mtu anayekopesha bila dhamana. Alikuwa amekonda. Kwenye kifundo cha mguu alikuwa na alama ya mviringo, kama ile ya ndama aliyefungwa kamba muda mrefu. Mama yake alimtambua kabla hajafika kwenye migomba, kwa namna anavyotupa mkono wa kushoto akitembea. Akatua sufuria chini.

"Ezra," alisema.

"Mpendwa mteja," alisema Ezra, "akaunti yako itafungwa leo. Bonyeza hapa kuthibitisha."

Alimshika mkono. Ulikuwa wa moto, mkono wa mtu mzima kabisa. Akamuuliza wanamlisha nini huko, na kama analala, na nani amemfunga. Kwa kila swali Ezra alifungua kinywa kama mtu anayetaka kujibu vizuri, na kilichotoka ni mpendwa mteja. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikubadilika. Pudensiana akampakulia ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akakaa mbele yake akimtazama anavyokula. Alifurahi, na furaha ile ilimuuma.

Siku ile hakubonyeza chochote. Kesho yake Ezra alirudi na mdomo uliopasuka. Siku iliyofuata mgongo ulikuwa umevimba, hakuweza kuegemea ukuta.

Pudensiana alimuita Mwalimu Nassib, mtu wa Kilwa aliyepangiwa na serikali kufundisha shule ya msingi ya pale, na ambaye mpaka siku hiyo alikuwa bado anavaa sweta mbili kwa baridi. Nassib aliamkia, akapokea simu, akawatazama wageni kwa zamu, akasema wametoka kwenye ile ruhusa moja. Akamuonyesha: unafungua kivinjari, unagusa nukta tatu za juu, unaingia kwenye mipangilio, kisha arifa, halafu unaona orodha ya waliokaribishwa. Unamgusa mmoja, unachagua Zuia. Akamgusa daktari. Daktari akainuka, akaegemeza jembe lake ukutani, akaondoka kwa njia ya migombani bila kuaga. Akaenda wa tai nyekundu. Akaenda muuza dawa. Msichana alivua kitenge, akakikunja vizuri, akakiacha juu ya kiti. Ua likawa na nafasi.

Nassib alipofika kwenye jina la mwisho, Pudensiana akafunika kioo kwa kiganja.

"Mama, huyu naye ametumwa kukuibia," alisema Nassib.

"Najua, mwalimu. Ni mwizi wangu huyo."

Ndipo Nassib akamtazama kijana vizuri, akaona pua ni ya mama mtupu. Akakaa chini. Alisema amesikia redioni habari za majengo yenye uzio huko nje, ambamo vijana waliodanganywa kwa ahadi ya kazi hufungiwa na kulazimishwa kuwaandikia watu maneno haya kutwa nzima. Asiyepata wa kubonyeza anapigwa. Na hawaachwi mahali pamoja, alisema, mwezi huu anaandikia watu wa nchi hii, mwezi ujao anahamishiwa nchi nyingine. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza hesabu za kugawanya, na alipomaliza alijuta kwamba anajua.

Pudensiana hakumpangusa Ezra usiku ule, na asubuhi alipanda naye pikipiki mpaka ofisi moja mjini, yeye katikati, mwanawe nyuma. Alifikiri kwamba sasa kazi imekuwa rahisi, ushahidi umekuja kwa miguu yake. Ofisa aliyewapokea alikuwa mstaarabu. Alifungua jalada la mtu aliyepotea, akalinganisha picha na kijana aliyesimama mbele yake, akakubali kwamba wanafanana sana.

"Lakini mama, huyu yupo hapa," alisema. "Aliyepo hapa hatuwezi kumuandika kwamba amepotea."

Pudensiana alisema hayupo hapa, yuko huko alikofungiwa, hii ni arifa yake tu. Ofisa akasema kama ni arifa, basi siyo raia, na arifa haifunguliwi jalada. Ezra akamgeukia, akamwambia mpendwa mteja, akaunti yako itafungwa leo. Ofisa akachungulia simu yake haraka chini ya meza, akaona iko salama, akairudisha mfukoni. Kisha akalifunga jalada, kwa kuwa mhusika ameonekana, na kama ushauri tu akasema kwamba akiendelea kumsumbua, amzuie.

Walirudi nyumbani kwa pikipiki ile ile. Jioni ile Pudensiana alibonyeza. Salio likakatwa, na jina lake na namba yake vikaenda huko viendako. Ezra akashusha mabega, akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Kesho yake hakuja na jeraha jipya.

Kuanzia hapo alibonyeza kila jioni. Kila akibonyeza, wageni wapya waliletwa na ruhusa ile, watu wa kamari, watu wa mikopo, mwanamke aliyejua siri ya kupunguza tumbo, wakajaa uani mpaka kuku wakahamia kwa Agness. Salio lilipokuwa halitoshi, alijifunga kitenge akapita nyumba za majirani wenye simu, akawaomba nao wamruhusu mwanawe. Hakuwaficha hasara. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Agness, aliyezaa saba akabakiwa na wanne, alikuwa wa kwanza kubonyeza. Kwaya ilibonyeza baada ya ibada. Wako waliokataa, wakasema ukimbebesha mwizi leo, kesho anakuja na gari, na Pudensiana hakuwalaumu, kwa sababu walikuwa wanasema kweli. Watu wale wale waliwahi kumkimbiza mwizi wa ng'ombe mpaka mpakani. Sasa jioni walikaa kwenye vizingiti wakiwa na simu mkononi, wanamsubiri mwizi apite wamsaidie.

Ezra akanenepa kidogo. Mama yake alimsimulia habari za nyumbani, ng'ombe gani amezaa, nani ameoa, mahindi ya bondeni yameliwa na nini. Ezra alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akaunti yake itafungwa leo. Ilifika mahali Pudensiana akasikia ndani ya maneno yale mambo ambayo hayakuwamo. Siku nyingine alisikia pole na kazi. Siku moja alisikia mama, na hakumwambia mtu.

Halafu, mvua za vuli zilipoanza, alikuja mwingine.

Alipita njia ile ile ya migombani, saa ile ile, na alikuwa na maneno yale yale. Alikuwa mrefu, mweusi zaidi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekariri juzi. Pudensiana alichungulia nyuma ya mabega yake, akingoja anayemfuata. Hakukuwa na mtu nyuma yake. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku iliyofuata. Wiki ilipokwisha, Pudensiana aliingia jikoni akalia kwa sauti, kama wanavyolia kwenye msiba, ingawa hakuna aliyemletea habari ya msiba. Majirani walikuja wakakaa naye. Hawakujua wampe pole ya nini, wakampa pole.

Nassib naye alikuja. Alikaa nao jikoni. Baadaye aliomba ile simu, akafungua mipangilio, akafika kwenye orodha, akaweka kidole karibu na jina la yule kijana mrefu.

"Huyu sasa nimzuie, mama? Akupunguzie mzigo."

Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni, maji ya mvua yanamtiririka, shavu moja limevimba. Pudensiana aliliangalia lile shavu. Alijifuta uso kwa upindo wa kitenge.

"Muache, mwalimu," alisema. "Nikimzuia huyu, na mama wa nchi nyingine atamzuia wangu."

Nassib akamrudishia simu. Pudensiana akabonyeza pale alipoambiwa abonyeze, akasubiri mpaka kile kiduara cha kwenye kioo kikamaliza kuzunguka. Kisha akasogeza kigoda karibu na moto, akamuuliza kijana kama kwao wanakunywa maziwa ya mgando. Kijana alifungua kinywa kama mtu anayetaka kujibu vizuri, akasema mpendwa mteja, akaunti yako itafungwa leo. Pudensiana akasema karibu mwanangu, akammiminia.