Mgomba wa Kaburini

Mackrine aliipasua ndizi mbichi kwa kisu. Ndani ilikuwa ya kahawia, imeoza. Akakata na shina la mgomba, akasubiri kidogo, na utomvu wa njano ukaanza kuchuruzika kama usaha. Mnyauko, ugonjwa wa migomba unaosambazwa hata na kisu. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi hivyo, na katika chuo cha kilimo alikuwa amekifanya mpaka mikono ikanata.

Mara ya kwanza alipokuja kwa mama Deodatha, hapa Nyaishozi, hakukata chochote. Mvua ilikuwa inanyesha na vijiji vingine vilimsubiri. Alipiga picha majani yaliyogeuka njano, akaiuliza akili mnemba ya kwenye simu. Ikamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka: udongo umechoka, weka majivu, punguza majani yote yaliyokauka. Tangu aanze kuitumia, taarifa zake zilifika ofisini mapema na mkuu wake alimsifu. Moyoni swali lilimjia: je, kama ni mnyauko? Akaliacha lipite, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana.

"Simu yako ina akili kuliko padri wetu," mama Deodatha alitania siku ile. "Yeye nikimuuliza jambo, ananiambia nikasali."

Naye akapunguza majani kwa bidii, kibanja kizima, shamba lake lote la migomba. Kisu kile kile kilitoka kwenye mgomba mgonjwa kikaingia kwenye mzima.

Sasa mikungu ilikuwa imeivia juu kabla ya wakati, na majani yalining'inia kama nguo zilizoloa. Kabla ya kuingia uani, Mackrine alisimama nyuma ya mti wa kahawa akaiuliza simu namna ya kumpa mkulima habari mbaya. Ikampa maneno mazuri. Akayakariri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bibi shamba. Umeona nini?"

Akayasema yote: kwamba anaelewa uchungu wake, kwamba hayuko peke yake, kwamba migomba itabidi ing'olewe na kufukiwa.

Mama Deodatha alisikiliza ameinamisha kichwa. "Umesema vizuri, mwanangu," akasema. "Labda mimi ndiye niliyekata majani vibaya."

Kwa hilo simu haikuwa imempa neno.

"Hapana, mama. Ulikata kama nilivyokuambia. Mimi ndiye sikuangalia."

Mama aliinua kichwa. Akatazama mwisho wa kibanja, kwenye kaburi la mumewe, Gosbert. Mgomba ambao mama aliupanda hapo siku walipomzika ulikuwa na mkungu mkubwa kuliko yote.

"Na ule?"

Mkono wa Mackrine ulikwenda mfukoni, ukaigusa simu, ukarudi mtupu. Aliuendea mgomba ule, akalikata shina lake, akangoja. Aliomba kisitoke kitu. Utomvu wa njano ukatoka.

"Na ule, mama."

Mama Deodatha aliivua kanga ya begani, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya kaburi.

"Basi tuanze na huo," akasema, "kabla sijaishiwa nguvu."