Mboga za Mtu Mmoja

Perez Nabwire alikuwa mjane wa mtaa wa Shauri Moyo, na tangu mumewe, marehemu Phares wa reli, amwache, jiko lake lilikuwa limepoa. Leo ugali na chai ya maziwa, kesho ugali na yai, basi. Upweke ni uvundo, asikudanganye mtu. Moyoni alikuwa amewekewa vali ya chuma, kile kilango cha kupitishia damu, na vali za namna hiyo hugandisha damu, kwa hiyo kila siku alimeza dawa ya kuizuia isigande. Daktari alimpima na kumpima tena mpaka akapata kiasi kinachomfaa. Kumbe alikuwa amempimia mwanamke anayekula peke yake.

Halafu akashuka Triza, binti yake, kutoka Busia, na begi kubwa kuliko la mtu aliyekuja kusalimia tu. Alikuwa amekosana na mumewe, Wekulo. Perez hakumuuliza atakaa mpaka lini. Mama gani huuliza hilo? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alijipa jembe mwenyewe siku ile ile. Alikwenda soko la Gikomba, akarudi na mafurushi ya mboga za majani, kunde, mrenda na managu, akakaa mlangoni akichambua huku akipiga soga, kisha akazichemsha na kuzilaza kwenye maziwa.

"Kula, Mama, umekauka," akasema.

Perez alikula kila siku, na usingizi wake ukarudi. Hata kuosha sahani mbili kulimpa raha.

Siku ya kliniki wakaenda wote. Daktari akasoma majibu ya damu, akakunja uso.

"Mama, damu imekuwa nzito. Ikiganda kwenye vali, hicho ni kiharusi. Umeacha dawa?"

"Sijaacha hata siku moja."

"Unakula nini?"

Triza akazitaja mboga zake kwa fahari, moja moja. Daktari akashusha pumzi.

"Mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hii. Si sumu, mnielewe. Naweza kuongeza dawa, aendelee kuzila. Lakini akiziacha ghafla, dawa itamzidi, avuje damu ndani kwa ndani. Sasa niambieni. Wewe binti, unakaa?"

Swali ambalo Perez alilikwepa siku zote hizo, likaulizwa na mtu baki. Triza aliinamisha kichwa. Perez akangoja, na kungoja kulimuuma. Alitamani kusikia "nakaa", hata kwa uongo, naye alijua uongo huo ungemuua.

"Na ukibaki peke yako, Mama, utazipika?" daktari akamgeukia Perez.

"Nani anachambua mboga za mtu mmoja, daktari?"

Triza akaanza kulia. Mtoto ni mtoto. Perez akamshika mkono, akamjibia.

"Anarudi kwake. Ana watoto."

Triza akaitikia kwa kichwa.

"Basi kiasi cha dawa hatukigusi," daktari akasema kwa upole. "Utachomwa sindano siku chache mpaka damu ikae sawa. Na kuanzia leo rudi kwenye chakula chako cha zamani."

Jioni Triza akasonga ugali, akamkaangia mama yake yai moja, naye akajipakulia kunde zilizobaki. Perez akaanza kula chakula chake cha upweke, na mwanawe bado ameketi mbele yake.