Kifungo cha Pili

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba na yenye haraka, na ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo.

Mama Pindo alisimama ukumbini, pini tatu zikiwa bado mdomoni na sketi ya mteja mkononi. Hakuna mwanamke aliyepita pale. Cherehani yake ilikaa mkabala na mlango wa mbele. Hata paka akiingia, yeye ndiye wa kwanza kumwona. Lakini mwanamke alikuwa anaimba chumbani kwa mumewe, na alichoimba kilimfanya atoe zile pini moja moja, asije akazimeza.

*Kifungo hiki cha pili, ni wewe ulokishona,*
*Shati lichakae kweli, uzi wako utapona.*

Wimbo huo watu waliujua mji mzima. Ndio uliomtoa mumewe katika kupiga gitaa kwenye harusi za watu na kumwingiza katika filamu. Baada yake zilifuata filamu ishirini na tatu, na katika kila moja kulikuwa na angalau wimbo mmoja ambao watazamaji walitoka nao mdomoni. Wenyewe walimwita Mtunzi tu, kana kwamba mwingine hajazaliwa.

Lakini kabla ya filamu, wimbo ulikuwa wa Mama Pindo. Alikuwa fundi mwanafunzi katika karakana ya ushonaji wakati kijana mmoja mwenye gitaa alipokuja kuomba stoo ya vitambaa saa ya chakula, cherehani zikiwa zimenyamaza. Hakuwa na uwezo wa kukodi studio, na alikuwa amegundua kwamba majora ya vitambaa humeza mwangwi kuliko kuta za studio yoyote. Alirekodi humo mwezi mzima. Siku moja shati lake likadondosha kifungo, msichana akakishona, na kesho yake kijana akarudi na wimbo. "Hajausikia mtu," alimwambia. "Wewe ndiye wa kwanza." Maneno hayo mumewe ameyarudia kwa kila mwandishi wa habari kwa miaka thelathini na minane.

Sasa, huyu aliyeuimba ni nani?

"Nilikwambia," alisema mdogo wake, ambaye alikuja kupima gauni na hakuwa na mpango wa kuondoka. Alikuwa amebandika sikio mlangoni. "Dada, nilikwambia tangu mwezi ule. Simu ikilia anaitazama kama nyoka, halafu anatoka nayo nje. Ukimwita haitiki. Mlango anafunga. Unataka dalili gani nyingine, uletewe na tarishi?"

"Anachambua kanda zake za zamani. Mwongozaji anazitaka Ijumaa, zitolewe upya."

"Na hiyo sauti ya mwanamke ni ya nani? Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe mshonaji unashindwa kukiona!"

Mama Pindo alijua yote ni kweli. Juzi alimwita mara tatu akiwa nyuma yake, na mgongo ule haukutikisika. Mwanamume haachi kumwitikia mkewe bure. Huacha kwa sababu moyoni kuna mwingine anayemwitikia.

Wakati wa chakula alimngoja ameze tonge la kwanza.

"Mume wangu, sauti ile chumbani ni ya nani?"

Mtunzi alimtazama mdomoni, si machoni. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya.

"Yangu," alisema. "Ya nani tena?"

Mdogo mtu alikohoa makusudi. Mama Pindo akahisi damu inampanda. Uongo angeweza kuuvumilia. Watu huongopa kwa aibu, kwa woga. Lakini huu ulikuwa uongo wa kumwambia mtu mwenye masikio kwamba hana.

"Basi inuka," alisema. "Twende ukanisikilizishe hiyo sauti yako."

Alidhani atakataa, lakini alifuta mikono akatangulia.

Chumba kilijaa maboksi ya kanda yenye mwandiko wake wa ujana. Mtunzi aliketi mbele ya mashine, akabonyeza, magurudumu mawili yakaanza kuzunguka. Aliweka kiganja juu ya spika kama mtu anayempima mtoto homa, macho yakiwa kwenye kanda. Mwanamke yule akaanza kuimba.

"Nilikuwa kijana," alisema Mtunzi akitabasamu. "Hapo, hapo! Umesikia nilivyovuta?"

Mdogo mtu alipiga makofi kwa hasira. "Makubwa haya! Shemeji, kumbe zamani ulikuwa msichana?"

Mtunzi hakugeuka.

Mama Pindo alimchunguza usoni akitafuta dhihaka, walau chembe. Aliona mtu mwenye furaha, basi. Hilo likamchanganya zaidi. Akaacha kumtazama, akasikiliza kama anavyosikiliza cherehani yenye hitilafu: si mlio mkubwa, bali ule ulio chini yake.

Chini ya wimbo kulikuwa na saa. Saa ya ukutani ya stoo ile, iliyokuwa ikijikokota kama mzee anayepanda ngazi. Aliketi chini yake miaka sita akihesabu dakika za kuachiwa kwenda nyumbani. Mdundo wake angeutambua hata usingizini. Kwenye kanda ilikuwa inakimbia kama imefukuzwa na mbwa.

Saa ile haikuwahi kukimbia maisha yake yote.

Aliinama kwenye mashine. Kulikuwa na kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa MWENDO, na alama yake ilikuwa imepita mbali upande wa kulia. Alikirudisha taratibu, kama anavyolegeza uzi uliokaza. Saa ikaanza kuchoka, ikapunguza hatua, ikajikokota. Na yule mwanamke akashuka pamoja nayo, akazama, akanenepa, hadi akawa kijana mmoja mwenye gitaa katikati ya majora ya vitambaa.

"Ala!" alisema mdogo mtu.

Mama Pindo angepaswa kucheka. Lakini alikuwa anamtazama mumewe. Sauti ilikuwa imegeuka kutoka ya binti hadi ya mwanamume chini ya kiganja chake mwenyewe, na Mtunzi, aliyewahi kusimamisha wapiga fidla kumi na wanane kwa sababu ya uzi mmoja uliolegea, aliendelea kutikisa kichwa na tabasamu lilelile.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "nenda nyumbani. Gauni nitakuletea."

Mdogo mtu alikwenda.

Mama Pindo alisimama nyuma ya kiti. "Nyumba inaungua," alisema, kwa sauti ya kawaida. Mgongo haukutikisika.

Akazunguka, akazima mashine, akachuchumaa mbele yake ili mdomo wake uonekane vizuri.

"Tangu lini?"

Mtunzi alianza kufungua kinywa kwa uongo mwingine, akauona uso wake, akauacha.

"Mwaka jana. Sikio la kushoto lilitangulia. Sasa ni kama nimefungiwa kwenye ile stoo, na majora yameniangukia." Akaangalia vitufe. "Nimevizungusha vyote nikitafuta sauti. Imetokaje?"

"Kama msichana anayewahi soko."

Alifunika uso. "Ningempelekea mwongozaji hivyo Ijumaa. Mke wangu, na filamu mpya amenipa. Akijua, atasema amemkabidhi kipofu usukani."

"Na mimi je? Ulitaka nijue lini?"

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi. Nikikutungia wimbo mbaya nisiusikie, ungeniambia ni mzuri. Kwa huruma."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa alijijua. Angesema hivyohivyo. Alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama mdomo wangu," alisema. "Kesho tunakwenda kwa daktari wa masikio. Ijumaa tutamwambia mwongozaji pamoja. Na kila wimbo utakaotunga nitausikiliza mimi kwanza, na ukiwa mbaya, mume wangu, nakuahidi: nitakwambia ni mbaya."