Aguaje ya Don Eleodoro

Dalinda Tapullima aliipa molekuli yake jina kabla hajaitangaza popote, na hapo ndipo alipojitafutia makubwa. Aliiita Eleodoro, jina la baba yake, muuza juisi ya aguaje, tunda la mti wa jamii ya mnazi, katika soko la Belén pale Iquitos, Peru. Mzee naye alikwisha kuwapasha habari wauza samaki, wauza ndizi na kila dereva wa bajaji aliyesimama kunywa. Siku ya binti kuitangaza kwenye kituo cha utafiti ilipofika, alivaa suti asubuhi na mapema, akawa anamenya aguaje akiwa nayo mwilini, magamba mekundu yakimwagika juu ya viatu alivyovipiga rangi.

"Baba, utaichafua!"

"Ikichafuka si aguaje? Ndiyo iliyoinunua."

Molekuli yenyewe ni kipande kifupi mno cha RNA. Vipande vya namna hiyo havijengi chochote mwilini. Kazi yao kubwa ni kunyamazisha. Jeni inatoa agizo, agizo linasafiri kwenda kupikwa liwe protini, na njiani kipande kidogo kinalikamata na kuling'ang'ania mpaka linakufa. Kwa njia hiyo jeni ileile inapiga kelele kwa kima huyu na kunong'ona kwa yule. Dalinda alikuwa amekiona kipande kimoja kwenye mate ya kima aina ya tocón, tena kwa madume yenye watoto tu. Tocón ndiye kima ambaye baba hubeba mtoto mgongoni mchana kutwa, na mama humchukua kunyonyesha tu. Madume makapera hayakuwa nacho hata chembe.

Alipokiona alilia, hakuona aibu. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na don Eleodoro akamfunga mgongoni kwa shuka, akasukuma mkokoteni naye. Soko lilimcheka kweli kweli. Mkoa mzima wa Loreto unasema aguaje ni tunda la wanawake, na mwanamume akilizidisha anaota nyonga. Basi Dalinda alitaka kusimama mbele ya watu aseme kwamba mwili wa baba una kitu chake cha kumfanya abebe mtoto, na kitu hicho kinaitwa Eleodoro.

Gílber Pacaya, mwenzake wa maabara, alikuja na pikipiki kuwachukua, na kama kawaida yake akaanza kwanza na juisi ya mzee. Alikuwa kwenye bilauri ya pili doña Zoila, muuza samaki wa jirani, alipomwona.

"We Gílber, punguza hiyo! Kesho tutakuona na nyonga, mtoto mgongoni, kama Eleodoro!"

"Niache, doña Zoila, nyonga zitanisaidia kucheza ngoma za sikukuu ya San Juan!"

Watu wakaangua kicheko. Dalinda peke yake alibaki na bilauri mdomoni, hanywi wala haiweki chini.

Alikuwa amekumbuka kamba. Mate ya kima hukusanywa kwa kamba ya pamba: anaitafuna, anaitupa, unaikamua. Makapera walishuka mitini wakatafuna kamba kavu bila maneno. Madume yenye watoto yaligoma, yana woga na mizigo yao. Dalinda akafanya vile mtu yeyote wa Iquitos amfanyiavyo mtoto anayekataa dawa: alichovya kamba kwenye juisi ya aguaje ya baba yake. Yakashuka mbio. Hakuandika mahali popote, kwa kuwa hapo kwao nani anaandika kwamba kulikuwa na aguaje?

"Gílber, washa pikipiki. Twende sasa hivi."

Kituoni aliingiza herufi za kipande chake kwenye kompyuta upya. Zamani alikilinganisha na vipande vinavyojulikana vya kima, binadamu na panya, akafurahi kukuta ni kipya. Safari hii aliomba mimea. Jibu lilikuja bila kusitasita: kimo kwenye mnazi, kwenye mpunga na kwenye mahindi, herufi kwa herufi. Kima hakuwa nacho kamwe. Alikuwa amekinywa.

Gílber alisoma akiwa nyuma ya bega lake, akapiga mluzi. "Nyamaza leo. Mzee amevaa suti, dada. Utarekebisha baadaye."

Dalinda alichungulia ukumbini. Baba yake alikuwa mstari wa mbele, amelowesha nywele akazichana, mikono juu ya magoti. Roho ilimuuma hata akatamani umeme ukatike. Umeme haukukatika.

Basi akasimama akasema yote, kamba, juisi, mnazi. Alipofika mahali pa madume kushuka mbio, ukumbi ulikuwa hoi kwa kicheko, na Daktari Rosaura Inuma, mkuu wa kituo, alikuwa amevua miwani anafuta machozi.

"Kwa hiyo, binti yangu, umetugundulia aguaje!"

"Ndiyo, Daktari. Na nikiitoa aguaje yote, kinabaki kipande kimoja ambacho ni cha kima kweli. Kwa mababa kinaonekana kimeongezeka kidogo. Lakini hicho kinajulikana siku nyingi, kina namba yake tayari, hakihitaji jina."

"Kumbe kuna kitu! Rudia. Kamba za maji matupu kwa wote."

"Hawatashuka."

"Basi aguaje kwa wote, makapera pia. Na safari hii uandike!"

Nje, don Eleodoro alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevua koti. Dalinda alikaa kando yake.

"Nisamehe, Baba. Jina lako sikuliweka. Na umewaambia watu wote."

"Jina gani? Wamesema 'Tapullima' pale mbele, umesimama wewe. Jina langu nilishakupa wewe zamani, sikumpa kima." Akamshika shavu kwa kidole chenye rangi ya chungwa isiyotoka kwa sabuni. Dalinda akalia kwa mara ya pili kwa ajili ya molekuli ileile, safari hii akicheka.

Mzee alimwacha amalize, kisha akasogea karibu.

"Hebu niambie ukweli. Hao kima, waliipenda?"

"Walinyonya kamba mpaka ikawa nyeupe, Baba."

Don Eleodoro akasimama, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote.

"Gílber! Nirudishe sokoni haraka, kabla Zoila hajafunga. Akasikie mwenyewe mababa wanapenda nini!"