Dozi Kamili

Alhamisi asubuhi Pamba alikataa giligilani. Sitara aliyakuta mabua pale pale alipoyaacha, chini ya meza ya cherehani, mabichi na mazima, na moyo ukampiga paa. Kwa miaka mitatu sungura yule alikuwa na ubishi wa kila namna. Hakutaka kubebwa, hakutaka kuogeshwa, hakutaka wageni. Lakini kwenye chakula hakuwahi kumsumbua mtu.

Mabua yale huletwa na Ranjanben, mjane wa Kihindi wa ghorofa ya pili, ambaye Narung'ombe nzima humwita Mama Ankit kwa jina la mwanawe. Kila asubuhi akishachambua majani ya mchuzi wake, hushuka na mabua ndani ya mfuko, taratibu kwa sababu ya magoti. Nyama hajaila tangu kuzaliwa, na mtaa mzima ni yeye peke yake aliyemtazama Pamba bila kufikiria sufuria.

Wengine wote walifikiria. Na tuambiane ukweli, hata Sitara alianzia huko huko. Sungura yule alimnunua sokoni kwa ajili ya pilau. Palikuwa na bwana mmoja, mtu wa maneno matamu, aliyesema atakuja Jumapili wazungumze mambo ya heri, na katika kuongea akadokeza kwamba hakuna nyama anayoipenda kama sungura. Sitara, fundi cherehani aliyeachika na kuukaribia umri ambao mashoga huacha kumuuliza mtu ataolewa tena lini, alikwenda akanunua sungura. Jumapili ikafika, bwana hakufika, simu haikupokelewa. Sungura akashinda amefungwa kwenye mguu wa meza, akitafuna ncha ya dera jipya ambalo Sitara alilivua na kulitupa sakafuni. Jioni akamfungua kamba, na hakumfunga tena.

Jina la Pamba alimpa mwenyewe. Jina la Shemeji lilitoka kwa Mrisho, mchinja kuku wa sokoni aliyepanga chumba cha uani. "Dada Sitara, shemeji kaamkaje?" Ndivyo alivyokuwa akisema kila alfajiri akipita na visu vyake vimeviringishwa kwenye gunia. Mwanzoni utani ule ulimchoma. Baadaye Sitara akawa anajibu, "Hajambo, anakusalimia wewe na visu vyako," na wote wawili wanacheka.

Alhamisi ile hakucheka mtu. Kidevu cha Pamba kilikuwa kimelowa udenda, na alikuwa amejikunyata ukutani. Hata slesi ya mkate iliyochovywa kwenye chai, ambayo ndiyo ilikuwa starehe yake ya kila siku, aliinusa tu akageuka.

Ijumaa asubuhi Sitara alifunga kazi akaenda kutafuta dawa. Sasa, Kariakoo tunaijua. Ukitaka kifungo cha koti la mwaka sabini na mbili, utakipata. Ukitaka jeneza, kiti cha bibi harusi au pua ya birika, utapata kabla chai yako haijapoa. Sitara alizunguka mpaka kandambili ikamkatikia, na daktari wa sungura mmoja hakumpata.

Kwenye duka la dawa za mifugo kijana wa kaunta alimuuliza, "Wako wangapi?"

"Mmoja."

"Mia na moja?"

"Mmoja tu, baba. Sungura mmoja."

Kijana akamtazama kama aliyeambiwa nzi anaumwa. "Mama, dawa zangu ni za kuchanganya kwenye ndoo ya kuku mia mbili. Huyo wako ni wa biashara?"

"Hapana."

"Wa kula?"

Nyuma yake watu watatu walikuwa wanasubiri, na mmoja alishaanza kutabasamu. Sitara akaona aibu, akaona na hasira kwa kuona aibu. "Wa mtoto," akasema. Mtoto hakuwa naye. Lakini neno lile lilifanya kazi, maana kijana alilainika, akachana kipande cha boksi akaandika namba. "Huyu daktari anaitwa Jovitha. Anazunguka sana mashambani, ila ukimpata umepata mtu."

Alipiga namba ile mara saba kabla ya swala ya Ijumaa, na mara nyingine nyingi baadaye. Haikupatikana.

Mrisho alirudi kutoka sokoni alasiri, akachuchumaa mbele ya Pamba na kumpapasa mbavu kwa vidole vya mtu anayejua kazi. "Dada, nikwambie kitu? Huyu bado ana nguvu. Nipe nimuwahi. Akifia mkononi mwako ni kibudu, hana faida kwa mtu."

"Toka hapa."

"Nasema kwa wema."

"Najua ni kwa wema. Toka."

Alijua kweli. Mrisho hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyolelewa, mnyama akilegea unakimbilia kisu ili asiondoke bure. Hata Sitara alilelewa hivyo hivyo. Usiku wa Eid angesema vivyo hivyo kwa mbuzi wa mtu mwingine. Ila huyu hakuwa mbuzi wa mtu mwingine. Alikuwa ndiye kiumbe pekee aliyemsogelea miguuni jioni cherehani ikinyamaza.

Magharibi ilipoingia, mikono yake ikamshinda. Kukaa tu akimtazama kulimtesa kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Akafungua kopo la biskuti anamoweka vifungo, na chini ya vifungo akazikuta kapsuli tatu za amoksilini, za rangi mbili, zilizobaki mwaka jana alipong'olewa jino. Nani asiyekuwa nazo? Kila nyumba ya Dar ina kapsuli zake tatu mahali fulani, kwa sababu maumivu yakipoa sote tunaacha. Alikumbuka nesi alivyomfokea siku ile: "Mama, maliza dozi! Nyie mkipata nafuu tu mnakatisha, ndiyo maana wadudu wanawazoea."

Akafungua kapsuli ya kwanza, akagawa unga nusu kwa nusu juu ya karatasi ya kukatia vitambaa, kwa uangalifu wa mtu anayepima hariri. Nusu akaikoroga na maji na sukari, akaivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akaipitisha pembeni mwa mdomo wa Pamba. Pamba alimeza. Sitara aliona kabisa koo likishuka, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akapumua vizuri. Usiku alilala.

Jumamosi asubuhi akampa, na jioni. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu alfajiri akampa nusu ya mwisho, akatupa maganda, na akajisifu kimoyomoyo. Dozi yake mwenyewe hajawahi kuimaliza. Ya Pamba aliimaliza.

Lakini Pamba hakuwa amepata nafuu. Asubuhi ile alianza kuharisha maji yenye harufu ambayo Sitara hakuifahamu, na masikio yake yalikuwa ya baridi. Saa mbili, simu ikalia.

"Shikamoo mama, mimi Dokta Jovitha. Samahani sana, nilikuwa kijijini, mtandao hakuna siku nne. Niko Kigamboni kwenye banda la mteja. Unaweza kuvuka?"

Angeombwa kuogelea angeogelea. Mama Ankit alishuka na kikapu chake cha sokoni, akatandika humo kanga. "Mwambie daktari asimpige sindano kubwa," akasema. "Mdogo huyu." Bajaji ikampeleka mpaka Magogoni, na kwenye pantoni akasimama amekumbatia kikapu kifuani katikati ya pikipiki na ndoo za samaki kutoka Feri. Mama mmoja muuza samaki akachungulia ndani.

"Unauza bei gani, shoga?"

"Siuzi. Mgonjwa."

"Maskini. Ungemchinja tu."

Sitara alimgeuzia mgongo, akatazama maji mpaka wakafika.

Dokta Jovitha alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, mwenye buti za mpira na manyoya ya kuku kwenye nywele. Hakuuliza kama ni wa kula. Alimweka Pamba juu ya gunia, akamfunika macho kwa kiganja, akamfungua mdomo na kumulika kwa simu.

"Ahaa," akasema. "Njoo uone mama."

Meno ya mbele yalikuwa yamerefuka mpaka yamejipinda, ya chini yakichoma ufizi wa juu.

"Sungura meno yake hayaachi kuota. Anatakiwa atafune majani makavu kutwa nzima ili yajisage. Huyu unamlisha nini?"

"Mkate. Ugali. Wali kidogo. Na mabua ya giligilani."

"Vyote laini. Ndiyo maana. Njaa anayo, ila kila akiuma anajichoma." Akatoa koleo dogo, akamwambia Sitara ashike mabega. Ta. Ta. Akakagua tena, akasawazisha kwa tupa ndogo. Haikupita dakika tano. "Basi. Shida ya meno imeisha."

Sitara alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka kuku wa bandani wakashtuka, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. Siku tano za kiama, kumbe ni meno tu! Alitamani kumpigia Mrisho hapo hapo.

"Ila huku kuharisha sikuelewi," Jovitha alisema, akiwa anambonyeza Pamba tumbo. "Meno hayaharishi. Kuna dawa yoyote amepewa?"

"Nimempa," Sitara akasema, na alisema kwa fahari, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Sikukaa hivi hivi, daktari. Nilimpa amoksilini. Nusu nusu, kama ya mtoto mchanga. Asubuhi na jioni, na dozi nimeimaliza, sikukatisha."

Mkono wa Jovitha ukasimama juu ya tumbo la Pamba.

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

"Tangu lini?"

"Ijumaa." Sitara akamtazama usoni, na kile kicheko kikaanza kumtoka mwilini taratibu. "Nimekosea?"

Jovitha aliutoa mkono tumboni mwa Pamba. "Mama, dawa ile ni nzuri kwako, ni nzuri kwangu, hata hawa kuku ningewapa. Tumbo la sungura ni jingine. Chakula chake kinasagwa na wadudu wadogo wanaoishi humo ndani. Dawa ile inaua wale wazuri, wanabaki wabaya, na wabaya wana sumu. Ikiwa mara moja tu, pengine..." Akaacha hapo.

"Na kwa meno asingekufa?"

"Kwa meno ungemleta leo ningekata, jioni angekula. Ungekuwa unampa uji kidogo kidogo kwa bomba la sindano, basi."

Alimchoma maji chini ya ngozi, akampa na sindano ya maumivu, akaonyesha jinsi ya kumsugua tumbo. Alifanya yote hayo kwa makini, na Sitara aliona kwamba anayafanya kwa ajili yake yeye, Sitara, zaidi ya Pamba. "Tumsikilizie," Jovitha alisema. "Mama, usijilaumu. Hakuna aliyekwambia." Malipo alikataa. Ingekuwa afadhali angepokea.

Saa saba alikuwa amerudi Narung'ombe. Pamba alilala ubavu juu ya kanga, tumbo limejaa na kukaza, na kila baada ya muda alisaga meno yake mapya kwa maumivu. Mrisho alikuta mlango wazi. Alitazama mara moja tu, na neno shemeji halikumtoka.

"Mrisho," Sitara akasema. "Visu unavyo?"

"Ninavyo."

"Basi msaidie. Si kwa kula. Mpumzishe tu."

Mrisho alivua kofia yake, akakaa kitako sakafuni. Mtu huyu kwa siku huchinja kuku wasiopungua mia mbili, na hana habari nao. Alinyoosha mkono akamshika Pamba sikio, akaliachia. "Siwezi, dada. Nisamehe. Huyu namjua jina."

Wakakaa hivyo wawili, hawana la kufanya.

Mama Ankit alishuka akiwa na mfuko wake. Alipiga magoti kwa shida, akachagua bua moja laini na kulisogeza puani mwa Pamba. Na Pamba akafungua mdomo. Akauma. Kru, kru, kru, ile sauti ambayo Sitara alikuwa ameisubiri tangu Alhamisi, safi, jino juu ya jino, hakuna kinachomchoma.

"Anakula!" Mama Ankit akapiga makofi. "Sitara, ona, anakula! Daktari mzuri huyo!"

Sitara alikuwa na kiganja juu ya lile tumbo. Lilikuwa halijalegea hata kidogo. Mama Ankit akapanda kwake kuwasha taa ya mungu wake na kushukuru.

Pamba alikufa kabla ya adhana ya alasiri, kipande cha bua kikiwa bado mdomoni.

Kesho yake asubuhi Mama Ankit alishuka na mfuko uliojaa mara mbili ya siku zote, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Alimkuta Sitara kwenye cherehani ambayo haikuwa na uzi. Alitazama chini ya meza, akatazama pembeni, akaelewa, akatafuta kiti.

"Alikuwa anaumwa nini hasa?"

"Meno, Mama Ankit."

"Meno? Meno yanaua?"

"Hayaui," Sitara akasema. "Nimemuua mimi. Nilimpa dawa yangu, nikamaliza dozi."

Mama Ankit akaupakata mfuko wa mabua mapajani, na wote wawili hawakujua waupeleke wapi.